Ukienda Italia na marafiki, usiishie kwenye picha

Wageni wengi wanaokwenda Roma kwa ndege hutua Fiumicino, karibu na bahari, nje kidogo ya jiji. Ukichungulia dirishani ndege inaposhuka, utaona mashamba yaliyopangwa vizuri, mitaro ya maji iliyochimbwa kwa mstari ulionyooka na barabara zenye miti pembeni. Ni mandhari ya utulivu. Abiria wachache wanajua kwamba hadi mwishoni mwa karne ya 19 eneo hilo lilikuwa kinamasi, na kwamba kibarua aliyelala huko msimu wa joto alikuwa akiuweka uhai wake rehani kwa mbu.

Hata neno "malaria" ni la Kiitaliano. Linatokana na "mala aria", yaani hewa mbaya. Watu wa huko waliona homa inawashika wanaoishi jirani na maji yaliyotuama, wakadhani ni ile harufu ya kinamasi inayoua. Leo mama wa Muheza, Kisumu au Bukavu anapokimbiza mtoto zahanati usiku, anatamka neno lililozaliwa Italia. Tofauti ni kwamba huko mama hatamki tena kwa hofu.

Hiyo ni sababu tosha ya mzazi kuitazama Italia kwa jicho jingine. Marafiki wengi siku hizi huchangishana, mmoja mmoja kwa mwezi, hadi ipatikane nauli ya kwenda kuona Roma, Florence na Venice. Wanarudi na picha za makanisa, makoti mapya na mapishi ya tambi. Vyote ni vizuri. Lakini katika miji hiyohiyo, hatua chache kutoka mahali pa kupigia picha, kuna alama za namna watu walivyohangaika kuokoa watoto wao. Alama hizo nazo zinastahili kutazamwa.

Kabla ya kufunga mizigo

Safari ya marafiki huvunjika mapema kama mambo ya msingi hayakusemwa mapema. Italia imo katika nchi za Schengen, hivyo viza moja ya matembezi inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mwombaji hutakiwa kuwa na bima ya safari inayolipa gharama za matibabu zisizopungua euro 30,000. Usinunue bima kwa ajili ya kutimiza masharti tu. Soma imeandika nini kuhusu ugonjwa wa ghafla, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Kila mmoja katika kundi awe na namba ya bima ya mwenzake, na ajue mwenzake ana kisukari, pumu au shinikizo la damu. Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa na cheti cha daktari.

Miezi ya Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo rafiki kwa watembeaji. Julai na Agosti jua la Roma na Florence ni kali, mawe ya barabarani hutoa joto kama kikaango, na foleni ni ndefu.

Kati ya miji hii mitatu usafiri rahisi ni treni ya mwendo kasi. Roma hadi Florence ni takribani saa moja na nusu, na Florence hadi Venice ni saa mbili na dakika kadhaa. Kwa wanaobeba watoto kuna habari njema: walio chini ya miaka 18 huingia bure katika makumbusho na magofu ya kale yanayomilikiwa na serikali, kutoka nchi yoyote watakayokuwa wametoka.

Jambo moja zaidi. Katika kila kundi la marafiki yupo anayetaka kuona kila kitu, yupo anayetaka maduka, na yupo ambaye miguu yake huchoka saa sita mchana lakini ana haya ya kusema. Kubalianeni tangu nyumbani kwamba mchana kuna saa mbili za kila mtu kivyake. Urafiki wa miaka 20 usiharibiwe na foleni ya siku moja.

Roma: maji, mbu na gurudumu

Roma huanza na Colosseum, uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo. Baada ya hapo wengi hukimbilia chemchemi ya Trevi, ambako mgeni huipa mgongo na kurusha sarafu juu ya bega la kushoto. Sarafu hizo hukusanywa na kupelekwa kwenye kazi za kusaidia maskini. Mfereji unaohusishwa na chemchemi hiyo ulijengwa na Agrippa mwaka 19 kabla ya Kristo, ukakarabatiwa mara nyingi, na jina lake bado linatumika.

Maji ndiyo kitu cha kwanza cha kujifunza Roma. Mitaani kuna mabomba mafupi ya chuma yanayoitwa "nasoni", maana yake pua kubwa. Yalianza kuwekwa 1874 na yapo zaidi ya 2,000. Maji yake ni safi, baridi na bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka juu kupitia tundu dogo na unaweza kunywa bila kikombe. Mzazi anayejua bei ya dumu la maji mtaani kwake ataelewa maana ya jambo hilo kabla hajaambiwa.

Ukitoka uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatican, tembea kuelekea mto Tiber. Dakika chache tu utaikuta hospitali ya Santo Spirito, iliyoanzishwa na Papa Innocent III karne ya 12 ikielekea ukingoni. Masimulizi ya Roma yanasema papa huyo aliota ndoto ya wavuvi wakiopoa vichanga mtoni kwa nyavu, vichanga vilivyotupwa na mama waliokosa pa kukimbilia. Kwenye ukuta wa nje bado lipo gurudumu la mbao nyuma ya vyuma. Mama alimlaza mtoto ndani yake, akalizungusha, na aliye ndani akampokea bila kuuona uso wa aliyemleta.

Hospitali hiyo ina historia nyingine inayotuhusu zaidi. Kwa karne nyingi homa haikuchagua cheo mjini Roma. Mwaka 1590 Papa Urban VII alifariki kwa malaria siku chache baada ya kuchaguliwa, kabla hata ya kutawazwa. Katika karne ya 17, magome ya mti wa mkwinini yaliyoletwa na Wajesuiti kutoka Peru yalitumika Santo Spirito kutibu homa. Kisha mwaka 1898, katika hospitali hiyohiyo, watafiti Giovanni Battista Grassi, Amico Bignami na Giuseppe Bastianelli walimruhusu mbu wa Anopheles amuume mtu aliyejitolea, naye akapata malaria. Mwaka mmoja kabla yake, Ronald Ross akiwa India alikuwa ameona vimelea ndani ya mbu. Kuanzia hapo ikawa wazi kwamba mwenye kosa ni mbu wala si hewa.

Wakati huo malaria ilikuwa ikiua zaidi ya Waitaliano 10,000 kila mwaka. Serikali haikungoja kila kijiji kipate hospitali. Sheria ya Desemba 1900 iliweka kwinini ya serikali iuzwe kwa bei nafuu katika maduka ya tumbaku na chumvi, kwa sababu duka la aina hiyo lilikuwepo hata kijijini. Maduka hayo bado yapo, yana kibao chenye herufi T, na leo mgeni huingia kununua tiketi ya basi.

Dawa peke yake haikutosha. Vibarua wengi hawakujua kusoma, na wengine waliogopa kwamba serikali inataka kuwapa sumu. Daktari Angelo Celli na mkewe Anna Fraentzel, muuguzi mzaliwa wa Ujerumani, walijiunga na walimu na waandishi kuanzisha shule za wakulima katika mashamba yanayoizunguka Roma. Watoto walijifunza kusoma na kuhesabu, na pia kwa nini dirisha liwekewe wavu na kwa nini dawa imezwe yote. Mtoto alirudi nyumbani akamfundisha baba yake. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi huku kwetu anaitambua njia hiyo.

Florence: sarafu iliyokatwa nusu

Treni ya Florence huishia kituo cha Santa Maria Novella, ambacho kimechukua jina la kanisa lililo mbele yake. Humo kanisani ndimo mwandishi Boccaccio aliwakutanisha wahusika wa kitabu chake Decameron: marafiki kumi, wanawake saba na wanaume watatu, wanaoikimbia tauni ya mwaka 1348 na kwenda kukaa shamba wakisimuliana hadithi. Ni safari ya marafiki, lakini ni safari ya wenye uwezo. Fundi, mchuuzi na mama mwenye watoto wachanga walibaki mjini, na inakadiriwa nusu ya wakazi wa Florence au zaidi walikufa.

Kila mgeni hupanda ngazi za kuba la Brunelleschi katika kanisa kuu, na anayeona ngazi 463 ni nyingi humsubiri mwenzake chini na aiskrimu. Aliyebaki chini hapotezi kitu. Pembeni ya uwanja wa kanisa huegeshwa magari ya wagonjwa ya Misericordia, chama cha watu wanaojitolea ambacho kwa mapokeo kilianza 1244. Katika miaka ya tauni walibeba wagonjwa na kuzika maiti. Leo wapo wanaotoka kazini jioni, wakavaa sare na kwenda kumpeleka bibi wa watu hospitali bila mshahara.

Tembea dakika kumi tu hadi uwanja wa Santissima Annunziata. Hapo kuna jengo lenye nguzo nyembamba na matao, nalo pia ni la Brunelleschi, lililoanza kujengwa 1419 kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri na urithi wa tajiri mmoja wa mji wa Prato. Ni Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotelekezwa. Juu ya nguzo kuna duara za buluu, na ndani ya kila moja mtoto mweupe aliyefungwa vitambaa, kazi ya Andrea della Robbia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilichukua mmoja wa watoto hao kuwa nembo yake.

Mtoto wa kwanza alipokelewa Februari 5, 1445. Alikuwa wa kike, akapewa jina Agata kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya mtakatifu huyo. Maelfu walimfuata kwa zaidi ya miaka 400, hadi dirisha la kupokelea vichanga lilipofungwa 1875. Wengi hawakukua. Maziwa ya mama hayakuwepo, wanyonyeshaji walikuwa wachache na magonjwa yalikuwa mengi.

Ndani sasa ni makumbusho. Chumba kinachowanyamazisha wageni ni kile chenye droo ndogo ndogo ukutani. Ukivuta droo unakuta nusu ya medali, kipande cha sarafu, msalaba, shanga. Mzazi alikata medali vipande viwili, kimoja akamvalisha mtoto na kimoja akabaki nacho, ili mambo yakinyooka arudi, vipande vikutanishwe na mtoto ajulikane. Vile vilivyobaki kwenye droo vinaonyesha kwamba wengi hawakuwahi kurudi.

Ni rahisi kusimama hapo na kuwalaumu. Lakini waliomwacha mtoto na nusu ya medali hawakuwa wamemsahau. Walikuwa watumishi wa ndani waliopata mimba, wajane, wanandoa wenye njaa. Vichanga vinaokotwa huku kwetu pia, kwenye mashimo ya takataka na milango ya misikiti na makanisa, na maswali ni yaleyale: baba yuko wapi, ndugu walisema nini, nani alimsikiliza yule binti kabla ya kujifungua. Taasisi ya Innocenti haijafungwa. Inaendelea na kazi za watoto na familia, na tangu 1988 UNICEF ina kituo chake cha utafiti chenye jina hilo hapo Florence.

Venice: siku 40 majini

Venice haina magari. Hata gari la wagonjwa ni boti, na ukikaa kando ya mfereji huweza kuiona ikipita kwa kasi na king'ora kuelekea hospitali iliyo karibu na kanisa la Watakatifu Yohana na Paulo. Tangu 2024 wageni wa kutwa hulipa kiingilio katika siku maalumu, kuanzia euro 5, na watoto chini ya miaka 14 hawalipi. Hakikisha ratiba kabla hujaenda.

Venice ilitajirika kwa meli, na meli zilileta hariri, viungo na tauni. Mwaka 1423 serikali ya mji ilitenga kisiwa kimoja kuwa hospitali ya wagonjwa wa tauni, kinachoitwa leo Lazzaretto Vecchio. Mwaka 1468 ikaongeza Lazzaretto Nuovo, kisiwa cha meli zilizotoka mahali penye shaka. Mabaharia na bidhaa walikaa huko siku zilizofikia 40. Kwa Kiitaliano 40 ni "quaranta", na ndiko lilikotoka neno karantini tulilolisikia sana wakati wa UVIKO-19. Katika ghala kuu la Lazzaretto Nuovo bado kuna maandishi ukutani yaliyoachwa na watu waliohesabu siku zao. Kisiwa hutembelewa kwa ziara za kuongozwa. Wasomaji wa Zanzibar watakumbuka Changuu, kisiwa kilichofanya kazi hiyohiyo mbele ya Mji Mkongwe.

Karantini haikuzuia kila kitu. Tauni ya 1630 hadi 1631 iliondoka na takribani theluthi moja ya watu wa Venice. Waliobaki walijenga kanisa kubwa la Santa Maria della Salute, na neno "salute" ni afya. Kila Novemba 21 wakazi hupita juu ya daraja linalotandazwa siku hizo tu, wakaenda kuwasha mishumaa.

Madukani, watoto hupenda kinyago chenye mdomo mrefu kama wa ndege. Ni kumbukumbu ya madaktari wa tauni, waliojaza mimea yenye harufu ndani ya mdomo huo wakiamini ugonjwa unasafiri kwa hewa mbaya, kosa lilelile lililozaa neno malaria. Ukimnunulia mwanao, mpe na hadithi yake.

Kazi ikiachwa

Mzazi anaweza kurudi na wazo kwamba wenzetu wamejaliwa hali ya hewa nzuri na viongozi wazuri. Historia haisemi hivyo. Vinamasi vya Pontino, kusini mwa Roma, vilikaushwa miaka ya 1930 na miji mipya ikajengwa, ukiwamo ule unaoitwa Latina leo. Mwaka 1943, katikati ya vita, jeshi la Ujerumani lilivifurika tena kwa maji na malaria ikarudi kwa nguvu. Baada ya vita kazi ilianza upya kwa dawa ya kunyunyizia kuta. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Italia haina malaria mwaka 1970. Wapo babu na bibi wa Kiitaliano walio hai leo waliowahi kutetemeka kwa homa hiyo.

Zanzibar inalijua somo hilo. Kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza 1957 iliishusha sana, lakini iliposimamishwa 1968 ugonjwa ulirudi. Ushindi wa visiwani wa miaka ya karibuni umetokana na kuanza tena na kutoacha. Sisi leo tuna zana ambazo Celli na mkewe hawakuwa nazo: chandarua chenye dawa, kipimo cha haraka, dawa mseto, na chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto 2019.

Kwa wanaosafiri, yapo mawili ya kushika. La kwanza ni homa. Ukipata homa ukiwa Italia, hasa ndani ya miezi mitatu tangu utoke nyumbani, mwambie daktari mapema kwamba umetoka nchi yenye malaria na uombe kupimwa. Daktari kijana wa huko anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria, akaanza kutafuta mafua. Namba ya dharura ni 112. Rafiki uliyelala naye chumba kimoja ndiye wa kuipiga, kwa hiyo naye aijue.

La pili linawahusu ndugu zetu wanaoishi huko na watoto wao. Kinga dhidi ya malaria hujengeka kwa mtu kuishi na ugonjwa, na hupungua akikaa mbali nao kwa miaka. Mtoto aliyezaliwa Milan au Roma hana kinga hiyo, hata kama baba ni wa Kigoma na mama ni wa Tanga. Wanapokuja likizo ya Desemba, waanze dawa za kujikinga kwa ushauri wa daktari kabla ya kusafiri, na walale kwenye chandarua kila usiku. Bibi asiseme damu yake imezoea. Mtoto akichemka, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, na wakirudi Ulaya wazazi waendelee kumwangalia kwa miezi kadhaa.